Kanisa la Baada ya Pudini

Ijumaa, 1 Machi 1957

Kitabu hiki nilipewa na Memsabu siku ya Krismasi. Kina tarehe zote za mwaka, ila Januari na Februari nimekwisha kuzichana kuwashia jiko. Sasa mvua inanukia na kuni zitakuwa mbichi, basi afadhali niandike katika majani yaliyobaki kabla sijayachoma nayo.

Mimi ni Zedekiah Were, mpishi, Kileleshwa, nyumba ya Bwana anayechora ramani za barabara. Nilisoma darasa mbili na nusu. Ile nusu ni kwa sababu mwalimu alinichoka katikati ya mwaka. Jina la Zedekiah nilipewa na padre kwetu Samia, na baadaye nikasikia ni mfalme aliyetobolewa macho. Sikuulizwa.

Memsabu ameandika kwamba nina miaka hamsini na tano. Sikumsahihisha. Wiki hii ameniambia, "Mpishi, siku ukishindwa kusimama, uniambie, nitafute kijana." Nikasema nitamwambia. Kazi ikiisha, chumba cha nyuma nacho kimekwisha. Bila kazi karatasi yangu ya kukaa mjini haina mhuri, na bila mhuri Nairobi nitaiaga kupitia dirisha la treni. Mke wangu alikwisha kufa. Shamba analilima mtoto wa ndugu yangu, ambaye huniombea maisha marefu, lakini huku huku Nairobi.

Jumapili, 3 Machi

Kanisa. Letu liko Parklands, katika banda la zamani la farasi ambalo misheni ilipewa baada ya farasi kufa. Ibada huanza saa tisa alasiri, kwa sababu sisi sote ni wapishi, mayaya, madobi na watu wa maua, na hakuna atokaye kazini kabla tajiri wake hajamaliza pudini. Mungu wa watu wengine huamka asubuhi. Wetu hungoja sahani zikauke.

Mzee wa kanisa ni Hezekiah Nthiwa, Mkamba wa Machakos, tarishi wa ofisi moja mjini, mwenye baiskeli na shingo ndefu. Nimempa jina la Mwalimu, kwa maana haanzi ibada kabla ya kusoma daftari la majina yetu, kana kwamba sisi ni watoto wa darasa la kwanza. Kila jina lazima liitikwe "Nipo". Jina lisiloitikwa linatumiwa watu wawili, papo hapo, wakamtafute mwenyewe, na sisi tunaimba mpaka warudi. Leo tumeimba nyimbo kumi na moja kwa ajili ya dobi mmoja aliyepitiwa na usingizi.

Nilipoitwa mimi nilisema, "Nipo nusu, nusu nyingine iko jikoni." Watu wakacheka. Nthiwa akangoja. Akaniita tena. Akaniita mara ya tatu, kwa sauti ile ile, mpaka nikasema "Nipo" kama wengine. Yule mtu hana kicheko hata kimoja mfukoni.

Mimi huenda kwa ajili ya chai ya baadaye. Naandika hapa ili ijulikane.

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza. Kuni mbichi, jikoni moshi. Memsabu alinikoholea kana kwamba mvua nimeileta mimi.

Jumapili, 17 Machi

Nthiwa aliomba muda mrefu. Niliamka kwenye Amina.

Nilikaa na Muli, mpishi wa Wahindi wa Parklands wasiokula nyama. Mtu mzuri, ananuka mvuje, kile kiungo cha Kihindi chenye harufu kali. Miaka saba hajashika nyama jikoni, na anasema sasa akiona mfupa anashtuka. Mbele yetu alikaa Peres, Mjaluo, yaya wa Spring Valley, mwanamke wa kicheko kikubwa. Aligeuka akanisikia nikimwiga Nthiwa.

"Mzee, ulimi huo utakuingiza motoni."

"Huko kuni ni kavu, mama."

Akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. Nthiwa alitutazama wote wawili, tukawa kondoo.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Supu. Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nimeungua. Nilikuwa nikiinua sufuria ya pudini kutoka juu ya jiko, ile inayochemshwa saa tatu nzima kwa maji tele, na sakafu ilikuwa na tope la viatu vya Lazarus, anayehudumu mezani. Niliteleza. Sufuria ilinimwagikia mguu wa kushoto, kuanzia kifundo mpaka vidole. Sikupiga kelele. Niliuma kitambaa cha sahani. Pudini ilipona, nikaipeleka mezani kwa mikono ya Lazarus, na Bwana akaomba kipande cha pili.

Lazarus ni mtu mzima mwenye watoto watano na bado anaogopa mpaka kengele ya mezani. Nimemwapisha asiseme.

Jumamosi, 30 Machi

Mguu umevimba, ngozi imetoka kama ganda la nyanya. Memsabu huingia jikoni saa tatu kamili asubuhi na kijitabu chake kuagiza chakula. Nilimpokea nimekaa kwenye kigoda, mguu nyuma ya pipa la unga, gunia juu yake. Nikajifanya nakatakata vitunguu, nipate na sababu ya machozi.

Jumapili, 31 Machi

Sikwenda kanisani. Nilifika kwenye geti nikarudi kwa kutambaa.

Saa kumi na nusu nikasikia baiskeli. Ni Nthiwa mwenyewe, Peres amekaa nyuma, wote wameloa. Nikawaambia, "Mwalimu, mmenifuata kama polisi." Alifunua gunia, akatazama mguu, akaomba maji ya moto yaliyopoa na chumvi. Akapiga magoti kwenye sakafu yangu, katika suruali yake ya Jumapili, akauosha. Nilingoja aniambie jambo la mahubiri. Alikuwa anapuliza, vile mama anavyompulizia mtoto.

Peres akasema, "Nenda hospitali, Mzee."

"Nikienda, kesho asubuhi kijana atakuwa kwenye kigoda hiki."

Wakatazamana. Nthiwa akafunga kitambaa, akasema, "Nani anajua kupika nyama ya Kizungu?"

"Muli," akasema Peres, "alijua, zamani."

Jumatatu, 1 Aprili

Mpango wao ni huu, nauandika kwa sababu hata mimi siuamini. Mabwana wa Peres wako likizo Ulaya, watoto wako shule ya bweni, kwa hiyo yeye anakuja alfajiri, anawasha jiko na kupika chai na mayai, kisha Memsabu akiingia anajificha stoo pamoja na viazi. Wahindi wa Muli hula usiku, basi yeye anakuja mchana hadi saa kumi na moja, kupika supu na nyama. Nthiwa anapita saa ya chakula cha mchana na baiskeli kutoka mjini, analeta dawa ile ya zambarau na kubadilisha kitambaa. Mimi nakaa nyuma ya pipa na kutoa amri kama gavana.

Jumanne, 9 Aprili

Muli ametia mvuje ndani ya supu. Anasema mkono wake ulikwenda wenyewe. Lazarus amerudi kutoka mezani uso umekauka: Memsabu amenusa, amemtazama Bwana, Bwana amesema labda ni paa la nyumba limeoza kwa mvua. Wamekula.

Alhamisi, 11 Aprili

Nilikuwa namchokoza Peres juu ya lile daftari la majina. Nikasema Nthiwa alitaka kuwa karani akakosa kazi, ndiyo maana anatuandika sisi. Peres hakucheka. Akaweka kisu chini.

"Mzee, wewe ulikuja kwetu mwaka wa hamsini na tano. Hukumkuta Nzioka, mtu wa maua."

Nzioka alikuwa mshiriki wao. Mabwana wake walikwenda safari ya pwani. Jumapili moja hakuja kanisani, watu wakasema labda ana kazi. Jumapili ya pili hakuja, wakasema labda amekwenda kwao. Alikuwa chumbani kwake nyuma ya nyumba ile, na homa ya mapafu, na hakuna aliyegonga mlango. Mlango ulikuja kuvunjwa na mabwana waliporudi, wakamkuta amekwisha kufa. Nthiwa alikuwa amekaa naye benchi moja miaka minne.

"Tangu siku ile," akasema Peres, "haanzi."

Nikaomba nipewe viazi vingine vya kumenya.

Jumapili, 14 Aprili

Sikwenda. Niliitikiwa na Muli. Nthiwa alimwuliza "Umemwona kwa macho yako?" ndipo akaweka alama.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua imevunja daraja dogo la bondeni. Peres alipita majini, sketi ameikunja kiunoni, viatu mkononi. Amefika akiimba. Mguu unakauka pembeni, katikati bado.

Jumatatu, 22 Aprili

Nitaandika habari za jana, ambayo ni Pasaka. Afadhali niziandike kabla Lazarus hajaanza kuzisimulia kwa njia yake.

Memsabu alialika watu sita wa chakula cha mchana, na mmoja ni afande wa polisi. Chakula kilikuwa cha saa saba. Gari la wageni likakwama kwenye tope, wakafika saa nane na nusu, na Memsabu akaamuru kila kitu kipashwe moto upya, na keki ya chai ya jioni iokwe juu ya hayo. Mimi, Peres na Muli tulikuwa jikoni tangu asubuhi. Saa tisa ikapiga na kondoo bado yuko mezani.

Huko kanisani Nthiwa akasoma majina. Peres kimya. Muli kimya. Were kimya. Akatuma wawili. Wale wawili walitukuta tumezikwa na sahani, wakavua makoti wakaanza kuosha. Hawakurudi. Nthiwa akatuma wawili wengine kuwatafuta wale wawili. Nao walipofika mvua ikashuka kama ndoo, na kuni zilikuwa zimekwisha, wakaenda kupasua kuni. Wakatumwa wawili tena. Hawa nikawaambia warudi upesi wakamweleze, lakini Peres alikuwa amewapa mayai wayapige, na mtu hawezi kuacha mayai nusu.

Kama saa kumi na moja nikasikia wimbo. Nikasema moyoni, hapana. Nikachungulia. Nthiwa anaingia kwa geti la nyuma na baiskeli yake, daftari kifuani ndani ya karatasi ya nta, na nyuma yake kanisa lote lililobaki, wameloa, wanaimba polepole. Aliona kila anayemtuma harudi, akafunga banda akaja.

Kwa atakayesoma na hajui: tuko katika Hali ya Hatari. Mtu mweusi akikusanyika na wenzake bila kibali ni kosa, na uwanja wa nyuma wa nyumba ya Mzungu si mahali pa kulifanyia kosa hilo wakati afande anakunywa chai dirishani.

Afande alikuja mlangoni na kikombe mkononi. Bwana nyuma yake, Memsabu nyuma ya Bwana. Wimbo ukafa.

"Nani mkubwa hapa?"

Nthiwa akavua kofia. "Mimi ni msoma majina, bwana."

"Kibali?"

Akakitoa. Afande akakisoma, matone yakiangukia wino. "Hiki cha banda la Parklands. Hapa Kileleshwa."

"Ndiyo, bwana. Kanisa limemfuata mtu wake."

"Mtu gani?"

Nthiwa akakung'uta maji ya kofia yake. Nilikuwa nimekaa ndani kwenye kigoda, mguu nyuma ya pipa, na ninawaona wote kupitia mlango. Watu karibu thelathini wanajua ni mtu gani, na hakuna hata mmoja aliyegeuza jicho upande wangu. Walitazama miguu yao. Muli alitazama mawingu. Bwana akasema hawa ni wezi au ni wabaya zaidi ya wezi, na afande akasema basi ataita lori, watajieleza huko mbele ya safari. Peres alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Nilifikiri: kila mmoja wa hawa ana chumba nyuma ya nyumba ya mtu, na mhuri kwenye karatasi, na kesho hatakuwa navyo. Nikafikiri pia: nikikaa kimya hapa, mimi ninavyo bado.

Nikasema, "Nipo."

Sikuongeza nusu. Nilishika ukingo wa meza nikainuka, nikatoa gunia, nikaruka kwa mguu mmoja mpaka mlangoni, watu wote wauone ule mwingine ulivyo, na rangi yake ya zambarau.

"Ni mimi, bwana. Hawa ni watu wangu. Niliungua, nao wamekuwa wakinifanyia kazi nisifukuzwe. Hawajaiba kitu. Kama kuna mwizi ni mimi, nimeiba mishahara ya siku hizi zote nimekaa."

Memsabu alikuja mbele. "Tangu lini?"

"Wiki tatu na siku tatu, memsabu."

"Nani alipika?"

Muli akainua mkono, kisha Peres. Memsabu akamtazama Muli kwa muda. "Ile supu ya Jumanne."

"Pole sana, memsabu," akasema Muli.

Hakuna aliyecheka, ingawa nilimwona afande akiingiza mdomo kwenye kikombe na kukaa humo. Alipoutoa alimrudishia Nthiwa kibali chake. "Mimi naingia kula keki. Nikimaliza nisione mtu."

Waliondoka wawili wawili, wasiwe mkutano. Nthiwa alitoka wa mwisho. Alifungua daftari palepale chini ya mvua, akaweka alama mbele ya jina langu, akalifunga.

Leo asubuhi Memsabu ameniambia kazi yangu inakwisha na mwezi. Alisema kwa upole. Ameandika barua nzuri, kwa Kiingereza. Lazarus amenisomea: mpishi hodari, msafi, mwaminifu, isipokuwa katika habari ya mguu.

Alhamisi, 25 Aprili

Nthiwa alikuja kubadilisha kitambaa. Nikamwomba anipelekee posta barua kwa mtoto wa ndugu yangu, kumwarifu kwamba kwa bahati mbaya bado niko hai na ninakuja.

Akaendelea kufunga. "Mzee wangu, unaweza kupika umekaa?"

"Mwalimu, mwezi mzima nimepika nimekaa, kwa mikono ya watu wengine."

"Basi ngoja kwanza na hiyo barua."

Jumapili, 28 Aprili

Walinibeba kwa baiskeli mpaka kanisani. Padre wa misheni alikuwepo, na baada ya ibada hakuna aliyeondoka. Peres akasimama. Akasema Jumapili sisi tunapikia nyumba nzima nzima, na wenyewe tunakula makombo tumesimama, halafu tunakuja hapa na njaa kumwimbia Mungu. Banda lina chumba nyuma, palipowekwa matandiko ya farasi, kina bomba la moshi. Kanisa linahitaji mpishi.

Padre akasema hajapata kusikia kanisa lenye mpishi, na kwamba yeye ndiye atakayetia sahihi mbele ya serikali, na atasema nini?

Nthiwa akainuka. "Padre, Bwana alipofufuka aliwakuta wanafunzi wametoka kazini na njaa. Hakuanza na mahubiri. Aliwachomea samaki."

Padre akamtazama. Nami nikamtazama. Uso wake ulikuwa ule ule, lakini naapa shingo ilitikisika. Miaka miwili nimemwona mtu yule, kumbe kicheko anacho, anakitunza kama nguo ya harusi.

Padre ametia sahihi.

Jumanne, 30 Aprili

Nimemwachia Memsabu jiko safi na kumwonyesha Lazarus jinsi ya kufunga pudini. Alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na aliushikilia wangu kidogo. Sina kinyongo naye, miaka minne nimekula chumvi yake, na Muli amemlisha mvuje.

Alhamisi, 2 Mei

Ofisi ya kazi, mjini. Nthiwa aliomba ruhusa ya nusu siku, tukapanga foleni toka asubuhi, mimi na fimbo. Karani hakuinua kichwa.

"Mwajiri?"

"Kanisa," nikasema.

"Wewe ni padre?"

"Mpishi."

Akainua kichwa. Akasoma barua ya misheni mara mbili, akatazama mguu wangu, akamtazama Nthiwa. "Ni baba yako?"

Mimi Msamia mweusi kama sufuria, yeye Mkamba mwenye shingo ya twiga. Nilikwisha kuandaa mzaha mzuri, ulikuwa mdomoni.

"Ndiyo," akasema Nthiwa.

Karani akapiga mhuri. Mzaha niliumeza. Nje nilijifanya fimbo imekwama kwenye tope, nipate kusimama kidogo.

Jumamosi, 4 Mei

Chumba kinavuja pembe moja, na kitanda wamekiweka pembe nyingine, juu ya matofali. Muli ameleta sufuria kubwa ya Wahindi, ameazima mpaka watakapofanya harusi. Peres ameleta vitunguu. Nimemkataza Muli asikaribie chungu akiwa na kitu chochote mfukoni.

Mvua imepungua, inanyesha kwa adabu. Kesho nitapika mara ya kwanza. Jioni hii nilipima maharagwe ya watu thelathini, kiganja kwa kila mtu, nikayaloweka nikafunika. Miaka arobaini nimepima hivyo, watu walioko mezani, basi. Nikakaa kitandani, nikavua kiatu kimoja. Kisha nikainuka nikafunua, nikaongeza kiganja kimoja, cha mpishi.